Kikao Kimoja: Muziki wa Kompyuta Unaotungwa Nyumbani katika Kitui na Makueni

Utangulizi

Uhakiki wa wimbo wa Kikamba una mazoea ya kutazama pande mbili tu. Upande mmoja zipo ngoma za jadi, ambazo Paul Nzioka Kavyu alizieleza kwa kina katika An Introduction to Kamba Music (1977) na baadaye katika Drum Music of Akamba (1986). Upande wa pili ipo benga, muziki wa magitaa uliochipuka kwa Waluo na kuingia Ukambani kwa kishindo katika miaka ya 1970, hasa kwa mkono wa Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers wake, na Peter Mwambi na Kyanganga Boys. Mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya wimbo huo aghalabu huchagua upande mmojawapo, kisha hufunga safari: ama kwa bibi kizee kijijini, ama kwa mkusanyaji wa santuri mjini.

Baina ya pande hizo limeingia jambo la tatu ambalo bado halijapata mhakiki. Nalo ni kazi ya mtu aliyeketi chumbani usiku, mbele ya kompyuta, akitunga muziki kwa programu na kwa raha yake mwenyewe. Mtu huyu si lazima awe kijana. Huenda akawa mwalimu wa shule ya msingi, fundi wa simu, au karani aliyerudi kutoka kazini. Hana bendi na hana mkataba. Kazi anayoimaliza huiweka kwenye simu, akawasikilizisha rafiki wawili watatu, basi.

Makala haya yanashughulikia kazi ya mtu huyo kama ilivyo katika Kitui na Makueni. Hoja yake ni kwamba kazi hiyo imehukumiwa kwa mizani isiyokuwa yake. Imepimwa kama santuri iliyoshindwa kufika studio, ilhali kwa maumbile yake ni utendaji: hutungwa na kutendwa katika kikao, chini ya masharti ya chombo, saa na mahali. Pale inapofaulu, hufaulu kwa kuyakubali masharti hayo. Na pale inaposhindwa, mara nyingi ni kwa sababu mtungaji ameyaficha, akajifanya yuko mbele ya umati.

Yafaa kwanza kueleza mahali penyewe. Makueni ilitengwa na Machakos na kuwa wilaya mwaka 1992, na tangu mwaka 2013 ni kaunti, kama ilivyo Kitui. Nchi ni kame. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, na ile ya Oktoba hadi Desemba ndiyo mkulima anayoitegemea zaidi. Nyumba nyingi zimeezekwa mabati. Umeme ulichelewa kuvifikia vijiji, na kinaya chake wenyeji wamekwishakizoea: bwawa la Kiambere, mojawapo ya yale yanayoulisha mtandao wa umeme wa taifa kwa maji ya mto Tana, liko mpakani mwa Kitui, na lilianza kazi mwaka 1988, lakini vijiji vingi vya kaunti hiyo vilisubiri mpaka baada ya mwaka 2015, serikali ilipoanzisha mradi wa kuzifikishia nyaya nyumba za mashambani. Hata sasa stima hupotea. Mambo haya si mapambo ya utangulizi. Yataonekana kuwa sehemu ya fani.

Chombo na umbo la wimbo

Lawama inayosikika mara nyingi ni kwamba kompyuta imeuharibu wimbo wa Kikamba kwa kuulazimisha umbo geni. Lawama hiyo husahau kwamba chombo kimekuwa kikiukata wimbo huo tangu zamani. Benga ya Kikamba iliuzwa kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, na uso mmoja wa santuri ya namna hiyo hubeba dakika chache tu. Kwa hiyo wimbo uligawanywa: sehemu ya kwanza uso huu, sehemu ya pili uso wa nyuma. Msikilizaji alinyanyuka kitini, akaigeuza, akaketi tena. Watungaji walijifunza kuupanga wimbo kwa kuzingatia mkato huo, maneno yakitangulia na magitaa yakipewa uwanja mpana baadaye. Hakuna aliyesema kwamba santuri iliufanya wimbo wa Kakai usiwe wa Kikamba. Tena, ili kuipata santuri hiyo, mwanamuziki wa Kitui alilazimika kusafiri zaidi ya kilomita 150 hadi Nairobi, katika maduka na studio za River Road, na huko kusubiri zamu kwa tajiri mwenye mtambo.

Kompyuta imeiondoa safari hiyo. Mojawapo ya programu zinazojulikana sana miongoni mwa watungaji wa Kenya ni FL Studio, ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji. Ilianza mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, kazi ya mtaalamu Didier Dambrin, na hapo mwanzo haikuwa zaidi ya mashine ya kupigia ngoma. Jina lilibadilishwa mwaka 2003, baada ya programu kukua na kuweza kubeba wimbo mzima. Na kuanzia mwaka 2011 likapatikana toleo la simu. Lakini uso wake wa kwanza bado unakumbuka asili yake: mstari wa visanduku 16, vilivyopangwa vinnevinne. Mtungaji hubofya kisanduku, ngoma ikalia hapo. Hukiacha kitupu, pakawa kimya. Mstari ukiisha huanza upya, na utaendelea kuzunguka mpaka auzime. Hicho ndicho vijana hukiita biti.

Mhakiki anayekisoma chombo hiki kama umbo la ushairi ataona mara moja kwamba hiki ni kitu cha urari na vina. Visanduku 16 ni mizani, na mzunguko ni kibwagizo. Mapigo ya benga, ambayo ngoma yake kubwa hutembea kwa hatua sawasawa, huingia humo bila shida yoyote. Ngoma zinazogawanya mapigo kwa tatutatu, kama zilivyo nyingi katika Afrika Mashariki, hazikai humo kwa urahisi: ama zinyooshwe zifuate nne, ama mtungaji aibadilishe mipangilio ya programu. Kubadilisha kunawezekana, tena si kazi kubwa. Hata hivyo programu hufunguka ikiwa na visanduku 16, na matoleo ya miaka ya karibuni hufunguka kwa kasi ya mapigo 130 kwa dakika. Chombo hakikatazi, hupendekeza tu, na mtu aliyechoka saa nne za usiku hulikubali pendekezo. Hapo ndipo nyimbo nyingi za nyumbani zinapofanana, na kufanana huko kumedhaniwa kuwa kuiga ugenini, ilhali ni uvivu wa kutobonyeza kitufe kimoja. Mtungaji anayekibonyeza husikika papo hapo.

Jambo zito zaidi kwa idara ya fasihi ni sauti ya mwimbaji. Itasemwa kwamba biti isiyo na maneno si fasihi, na neno hilo linaweza kukubaliwa bila ugomvi. Lakini mara sauti inapowekwa juu yake kwa Kikamba, kuna jambo la lugha linalotokea. Kikamba ni lugha ya toni. Kupanda na kushuka kwa sauti hutenganisha maana. Ngui, yaani mtungaji na mwimbaji kiongozi, hupitisha maneno yake kwenye lahani huku sikio lake likiwa kwenye toni hizo, na mara nyingi hilo hulifanya kwa kuteleza kutoka noti moja hadi nyingine. Programu za kusahihisha sauti, ambazo zimeenea tangu Auto-Tune ilipotokea mwaka 1997, hufanya kinyume chake: huvuta kila sauti hadi kwenye noti iliyo karibu katika ngazi ya noti 12, na mteremko wa katikati hunyooshwa. Kwa Kiswahili, ambacho hakina toni, hasara ni ya ladha tu. Kwa Kikamba huenda ikawa hasara ya neno. Sikio la mzawa litaokoa maana kutokana na muktadha, kama linavyofanya katika nyimbo nyingi za kanisani zilizotafsiriwa juu ya lahani za Ulaya. Ila kuokoa si sawa na kupokea. Katika jambo hili, mtungaji wa nyumbani asiyejua kuitumia programu ya kusahihisha sauti ana bahati kuliko anayejua.

Kufuli la majaribio

Programu iliyotajwa huuzwa kwa matoleo mbalimbali, na lile la bei ya chini kabisa hugharimu dola zipatazo 100 za Marekani, fedha ambayo karani wa Wote au mwalimu wa Mwingi hawezi kuitoa mfukoni bila kuulizwa nyumbani. Hata hivyo kampuni hutoa programu hiyo bure kwa majaribio, bila kikomo cha siku. Katika hali ya majaribio mtumiaji anaweza kutumia karibu kila kitu: atatunga, atahifadhi mradi wake, ataugeuza wimbo uliokamilika kuwa faili la sauti. Jambo moja hawezi. Akishaifunga programu, hawezi kuufungua tena mradi alioutunza mpaka ainunue.

Sharti hilo la kibiashara lina matokeo ya kifasihi ambayo hayana budi kutazamwa kwa makini. Albert Lord, katika The Singer of Tales (1960), akiendeleza utafiti alioufanya pamoja na Milman Parry miongoni mwa waimbaji wa tendi wa Yugoslavia, alionyesha kwamba fanani wa simulizi hatungi kwanza kisha akatenda. Hutunga wakati huohuo anapotenda. Hana rasimu. Kila utendaji ni wimbo mzima, na utendaji wa kesho utakuwa wimbo mwingine wenye mifupa ileile. Yeyote aliyesoma fasihi simulizi katika chuo chochote cha Afrika Mashariki amefundishwa kwamba hapa ndipo kalamu inapoachana na ulimi: mwandishi huirudia karatasi yake, fanani harudii.

Basi na atazamwe mtu wa kompyuta mwenye programu ya majaribio. Ameketi saa tatu za usiku, watoto wamelala. Amepanga ngoma, akaongeza besi, akatafuta sauti ya gitaa inayokaribia ile ya benga, asiipate, akachukua ya kinanda. Saa tano amepata lahani. Akizima kompyuta sasa, kazi hiyo itabaki kwenye diski lakini hataifikia. Kwa hiyo ana njia mbili: aumalize wimbo kabla ya kulala, au aiache kompyuta ikiwaka mpaka kesho na kumwomba Mungu stima isipotee. Anaumalizia hapo hapo. Ubeti wa tatu haupati maneno mapya, hivyo anaurudia wa kwanza. Sauti anaiimba mara moja, kwa kunong'ona ili asiamshe nyumba, na kikohozi kilichotokea katikati kinabaki humo. Kisha anautoa kama faili la sauti, anaihamishia kwenye simu, anazima.

Huyu ana kompyuta, lakini kwa maana ya Lord yuko upande wa ulimi. Na ushahidi ulio mkubwa zaidi hutokea wiki inayofuata, anapotaka kuurekebisha wimbo uleule. Mradi haufunguki. Analazimika kuujenga upya kwa kumbukumbu: ngoma zilivyokaa, besi ilivyoingia, maneno yalivyokuwa. Anachokipata si nakala. Ni toleo jingine, lenye kasi tofauti kidogo, ubeti uliopungua na kibwagizo kilichorefushwa. Simu yake sasa ina matoleo mawili ya wimbo mmoja, na hakuna kati yao lililo asili ya mwenzake. Wanafunzi wa fasihi simulizi wamesoma kurasa nyingi juu ya matoleo mbalimbali ya hadithi moja ya sungura. Haya ya chumbani nayo yana mantiki ileile, ingawa yamesababishwa na mfumo wa mauzo wa kampuni ya Ubelgiji.

Pingamizi lipo na lina nguvu. Nakala zisizo halali za programu hiyo zimezagaa, na hizo hazina kufuli. Aidha zipo programu za bure kabisa, kama LMMS iliyoanza mwaka 2004, ambazo mradi wake hufunguka wakati wowote. Ni kweli. Lakini kikao hakiletwi na kufuli peke yake. Huletwa na kompyuta inayotumiwa na watu wanne, na betri kuukuu isiyokaa nusu saa, na kazi ya asubuhi. Tena, kuna jambo la kuhakiki katika kazi zilizotungwa bila mpaka wowote. Mtungaji anayeweza kurudi kila usiku huongeza: safu ya filimbi, safu ya pili ya ngoma, mwangwi juu ya mwangwi, mpaka maneno yanazama. Bila kuusifu umaskini, maana umaskini haustahili sifa, inaweza kusemwa kwamba wimbo wa kikao kimoja mara nyingi unasikika vizuri kuliko wimbo wa vikao arubaini, kwa kuwa unajua unachotaka kusema na hauna muda wa kusema kingine.

Hadhira ya kubandika

Kama kazi hii ni utendaji, swali la hadhira haliepukiki, na hapa ndipo pana udhaifu wake mkubwa.

Katika kilumi, ngoma ya Wakamba inayochezwa hasa na wanawake wa makamo na wazee kwa ajili ya pepo na kuomba mvua, mpigaji wa kithembe hapigi kwa ratiba yake. Anamtazama mchezaji. Pepo akichelewa, mapigo yanangoja. Mchezaji akipandwa, mapigo yanamfuata. Marudio ya ngoma hiyo ni mengi kuliko ya biti yoyote ya kompyuta, na anayelalamika kwamba kompyuta ni marudio matupu hajawahi kukesha kwenye kilumi. Tofauti iko kwingine: marudio ya kithembe yana mtu anayeyasikiliza na kuyajibu, na mpigaji anaweza kuyabadilisha kwa sababu yake. Mzunguko wa visanduku 16 haumtazami mtu.

Mtungaji wa nyumbani hulihisi pengo hilo, na wengi hulijaza kwa hila ambayo imekuwa ugonjwa wa kazi hizi. Huchukua sampuli za sauti zinazokuja na programu au zinazopitishwa kutoka kompyuta hadi kompyuta, yaani vigelegele, makofi, kelele za umati, mtu anayepiga mbinja, na kuzibandika mahali ambapo hadhira ingepaswa kuitikia. Vigelegele hivyo hulia vilevile kila baada ya mizunguko minane. Havijafurahishwa na chochote. Msikilizaji huvitambua mara ya pili tu, na kuanzia hapo wimbo mzima huonekana kama karamu ambayo wageni wake ni picha za ukutani. Hakuna kosa linaloziangusha kazi za aina hii kuliko hilo.

Itafaa hapa kutoka Ukambani kidogo ili kuonyesha kwamba kosa si la kompyuta. Katika vitongoji vya Dar es Salaam, muziki wa singeli ulikua kwa programu za bei nafuu na vipande vya taarabu vilivyoharakishwa mno, na mwaka 2017 mkusanyo uitwao Sounds of Sisso, uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, uliutangaza ng'ambo. Singeli ni muziki wa kompyuta kwa asilimia mia. Hata hivyo una hadhira ya kweli, kwa sababu ulilelewa kwenye sherehe za mtaani, mbele ya watu wanaojibu. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, mtayarishaji Leo Palayeng na mwimbaji Otim Alpha waliihamishia kompyutani larakaraka, ngoma ya Waacholi ya uchumba na harusi, ambayo nyimbo zake Okot p'Bitek alikuwa amezikusanya pamoja na nyingine za Kiacholi katika Horn of My Love (1974). Kazi zao zilitolewa pia mwaka 2017, kwa jina la Gulu City Anthems. Kompyuta ilichukua nafasi ya kundi la wapigaji ambalo wenye harusi hawakumudu kulilipa. Harusi yenyewe ilibaki palepale. Katika mifano yote miwili chombo kilikuja mahali palipokuwa na watu.

Chumba cha Kitui hakina harusi ndani yake. Je, basi kazi ya chumbani haina njia ila kudanganya? Uhakiki ungejibu ndiyo kama ungeendelea kumlinganisha mtungaji huyu na ngui wa uwanjani au na bendi ya benga. Lakini fasihi simulizi ina nyimbo ambazo tangu mwanzo hazikuhitaji uwanja. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mwanamke aliyesaga nafaka kwenye jiwe aliimba, na wimbo huo ulikuwa wake: wa malalamiko, wa mzaha, wa kumsema mume bila kumtaja. Aliyepita nje aliusikia, wala hakualikwa. Bembelezi nazo huimbiwa mtu mmoja asiyejua maneno. Nyimbo hizi hazina vigelegele na hazivikosi. Ndizo jamaa wa karibu wa muziki wa kompyuta wa nyumbani, na inashangaza kwamba ulinganisho huo haujafanywa.

Kwamba upweke unaweza kuwa fani kamili, Kenya yenyewe imekwisha kuthibitisha. Joseph Kamaru wa Nairobi, anayejulikana kwa jina la KMRU, mjukuu wa yule Joseph Kamaru mwimbaji mashuhuri wa Kikikuyu aliyefariki mwaka 2018, hutunga kwa kompyuta na kwa sauti anazozirekodi katika mazingira. Albamu yake Peel ilitolewa mwaka 2020 na Editions Mego ya Austria. Haina umati wala kelele za kuazima. Babu aliimbia taifa. Mjukuu anasikiliza barabara na kuta. Kazi hiyo si kipimo cha watu wa Kitui na Makueni, ambao wengi wao wanataka maneno na wanataka kucheza. Inatosha kuonyesha kwamba aliye peke yake halazimiki kubandika watu.

Mvua juu ya mabati

Lililo bora katika kazi za nyumbani ni nyumba inapoingia ndani yake. Maikrofoni ya mtungaji huyu kwa kawaida ni simu au kifaa cha bei ndogo, na chumba chake hakijazibwa kwa sifongo. Kwa hiyo nyuma ya sauti kuna mbuzi, kuna mlango, kuna pikipiki inayopanda mlima, kuna mama akimwita mtu. Watungaji wengi huona haya kwa mambo haya, na hutumia saa nzima kuyafuta. Wanaoyaacha, au wanaojua kuyapanga, wamepata kile ambacho vigelegele vya kubandika haviwezi kukileta: hadhira ya kweli, hata kama ni ile iliyopita tu na haikualikwa, kama ilivyokuwa kwa msagaji.

Katika sauti zote hizo ipo moja ambayo hakuna programu inayoweza kuifuta, nayo ni mvua. Inaponyesha juu ya mabati, mtu hasikii hata mwenzake aliye meza moja naye. Kurekodi hukoma. Wimbo uliokuwa umalizwe usiku huo haumaliziki, na kwa mwenye kufuli la majaribio huenda usimalizike tena. Kwa mtu wa hobi ya kawaida, mahali pengine, hiyo ni bughudha. Lakini hii ni nchi ambamo wanawake wamecheza kilumi kukesha ili sauti hiyohiyo isikike, na ambamo Novemba isiyo na mvua maana yake ni Februari isiyo na mahindi. Mtungaji anayezima maikrofoni kwa hasira na papo hapo kufurahi moyoni yuko katika hali ambayo hakuna shairi la mjini lililowahi kuihitaji. Anayeiacha maikrofoni ikiwaka, akauachia mzunguko wake wa visanduku 16 uendelee chini ya kishindo hicho mpaka umezwe, amekaribia ngoma ya bibi yake kuliko yule aliyenakili mapigo yake kwa uaminifu. Mapigo yake hatimaye yamepata kitu cha kukipisha.

Idara za fasihi huwatuma wanafunzi makwao wakati wa likizo ya Desemba kukusanya nyimbo. Wakifika Mutomo au Kibwezi huketi na mzee, huwasha simu, huandika jina la utanzu, umri wa fanani na mahali. Katika chumba cha pili cha nyumba hiyohiyo mna kompyuta yenye nyimbo ambazo hazina mwandishi wa fomu. Diski hufa, simu huibwa, kadi hufutwa ili kupata nafasi ya picha za arusi. Nyimbo za mzee huenda zimo pia katika kumbukumbu za wenzake watatu. Hizi hazimo popote pengine. Mkusanyaji atakayeingia katika chumba hicho na asichukue ila faili la sauti na maneno yaliyoandikwa atakuwa amekusanya sehemu iliyo ndogo. Aandike pia ni toleo gani la programu, na kama lilikuwa la majaribio. Kasi ya mapigo, na kama mtungaji aliichagua au aliikuta. Wimbo ulichukua vikao vingapi. Upo katika matoleo mangapi, na yapi yalijengwa upya kwa kumbukumbu. Nani alikuwa amelala chumba cha pili. Kama stima ilikatika. Na kama usiku huo mvua ilinyesha.